Fulana za Rukia

Mwezi wa tatu mwaka huu tulimwoza Hamisi, mtoto wa dada yangu Mwamvita, kwenye ukumbi mmoja wa Houston. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, mahali ninapopapenda kwenye harusi kwa sababu chakula hukufikia kikiwa bado cha moto na wapiga picha hawakusumbui. Akaja mwanamume wa makamo, kanzu imepigwa pasi ikanyooka, akaomba kukaa. Alijitambulisha kuwa anaitwa Kassim, fundi wa mitambo, mkazi wa Houston wa miaka mingi. Tulikula pilau, kisha akaniuliza kama mimi ndiye mama mdogo wa yule binti wa Mwamvita aliyeugua zamani, dada yake bwana harusi. Nikamwambia ndiye mimi, Sikudhani. Akaweka kijiko chini. "Dada, nina kitu nimekaa nacho muda mrefu," alisema. "Siku ile ya mechi nilikuwa nakuja pale uwanjani kutoa sampuli. Niko kwenye highway kabisa. Nikapigiwa simu, naambiwa usijisumbue tena, mtoto ameshatangulia, fulana za msiba zimeshafika. Nika-exit, nikageuza gari nikarudi nyumbani." Nikamwambia siku ile Rukia alikuwa hai, amekaa kwenye kiti cha kukunja, anakula barafu. "Nilikuja kuambiwa baadaye," alisema, "nikaona aibu hata kupiga simu." Nilimwambia asijali. Tunasema hivyo, asijali, hata pale mtu anapostahili kujali. Akashukuru, akaomba kachumbari, na mimi nikaiangalia sahani yangu mpaka pilau ikapoa. Naandika sura hii kwa sababu ya gari lile lililogeuzwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, naishi kwa Mwamvita na mumewe, shemeji Yahaya, kwenye nyumba ya kupanga huko Irving, pembeni ya Dallas, ghorofa ya pili, chini ya njia ya ndege. Shemeji alikuwa anapakia mizigo uwanja wa ndege, na ndege ikipita juu ya paa alikuwa anatazama saa na kutuambia imetoka wapi, kama kuna aliyemuuliza. Dada alikuwa msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee. Mimi nilikuwa nasoma madarasa mawili chuoni na kufanya kazi Garland siku zilizobaki. Nililala chumba kimoja na Rukia, mwenye miaka sita, na baina ya vitanda vyetu palikuwa na cherehani yangu ya mezani niliyoinunua kwa mwanamke aliyekuwa anahama. Ninachokumbuka zaidi katika chumba kile ni harufu: mafuta ya cherehani, dawa ya kusukutulia mdomo ambayo Rukia alipewa hospitalini ili kinywa kisichubuke, na wali wa nazi ya kopo kutoka jikoni. Saratani ya damu ilikuwa imegundulika mwaka mmoja nyuma. Alitibiwa, akapona, tukala biriani, tukapiga picha. Kisha mwezi wa pili wa mwaka huo ninaousimulia ikarudi, na safari hii madaktari hawakuwa wanatabasamu wanapoingia chumbani. Hamisi alikuwa na miezi saba, anatambaa chini ya meza, na nyumba nzima ilikuwa inaongea kwa sauti ya chini isipokuwa yeye.

Kazi yangu ya Garland ilikuwa kuchambua nguo. Zilikuja na malori kutoka kila mahali, zikamwagwa kwenye mkanda, na sisi tulisimama pande mbili tukizigawa: wanaume, wanawake, watoto, daraja la kwanza, la pili, matambara. Nyingine zilikuwa zinafungwa marobota kwenda kwetu, zinakoitwa mitumba. Mimi nilipangiwa nguo za watoto. Watu wanadhani hiyo ndiyo sehemu nzuri. Kwa saa nane kwa siku nilikuwa nasoma vifua vya watoto nisiowajua. Kigauni cha mtoto wa miezi mitatu kimeandikwa kwamba mwenyewe ni mvunja mioyo. Shati la mtoto wa mwaka mmoja linasema yeye ndiye bosi na nyinyi wengine ni waajiriwa. Lingine linatangaza kwamba hajalala na hamtalala. Lingine lina nembo ya kampuni ya matairi, kana kwamba mtoto amelipwa. Bibu moja, nguo ya kufutia udenda, ilimwita mwenyewe mlevi. Nilikuwa nachukia, nachukia kweli, mpaka taya zinauma. Nimekulia kwenye kanga, siyo kwamba sijui nguo yenye maneno. Lakini kanga mtu mzima anaingia dukani, anasoma, anafikiria jirani yake, anachagua, na akiivaa anajua anamwambia nani nini. Mtoto anavalishwa. Mkubwa ana mzaha wake, au kiburi chake, au hamu yake ya kuchekwa na wapita njia, na badala ya kuusema kwa mdomo wake anaubandika kwenye kifua cha mtu asiyejua kusoma.

Aliyesimama mbele yangu kwenye mkanda alikuwa Mama Furaha, Mkongomani kutoka Fort Worth, mwanamke mwenye mikono mikubwa na subira ndogo. "Weye unasoma manguo kama gazeti," alikuwa ananiambia. "Tupa tu, ma soeur, dada yangu. Kule Afrika hakuna mwenye atasoma." Nilimjibu kwamba mimi nilikuwa huko Afrika na nilisoma. Alicheka. Kitu kimoja tu hakunicheka. Mara kwa mara zilitokea fulana za marehemu, maana Texas watu huchapisha fulana za mazishi kama sisi, uso wa mtu katikati, nyuma yake mawingu, mwale wa mwanga unashuka, njiwa wawili pembeni. Wengine walikuwa watoto. Hizo nilikuwa nazigeuza ndani nje kabla ya kuzitupa kwenye boksi la matambara, na Mama Furaha alikuwa anangoja nimalize. Nataka ijulikane kwamba nilizishika nyingi. Katika Watanzania wote wa Dallas na Houston mwaka ule, hakuna aliyeyajua mawingu yale kuliko mimi.

Nyumbani nilimshonea Rukia magauni matupu. Pamba ya bluu, ya njano, ya kijani kibichi, bila ua wala herufi. Nilijiona nafanya jambo kubwa. Rukia hakuona hivyo. Yeye alitaka fulana ya binti wa mfalme yenye vimeta, aliyokuwa nayo rafiki yake wa ghorofa ya chini. "It's boring, Mama mdogo," alisema akiwa amesimama juu ya kiti huku nikipima upindo. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba gauni halipaswi kuongea, anayeongea ni yeye. Akafikiri. "But I don't always feel like talking." Yule mtoto alikuwa na majibu, na mimi nikiwa na miaka ishirini na minne sikujua kwamba jibu la mtoto linaweza kuwa ni jibu hasa. Nikabana pini midomoni nikaendelea. Siku moja akapewa zawadi hospitalini, fulana iliyoandikwa kwamba yeye ni shujaa mpiganaji. Nikaificha juu ya kabati. Mtoto ametapika tangu asubuhi, hana nywele, anataka mama yake, halafu mtu mzima anamwandika kifuani kwamba anapigana. Nilimwambia dada, "Akichoka je? Aibadilishe?" Mwamvita alikuwa anakoroga uji. Alisema, "Sikudhani, wewe una nguvu ya kugombana na nguo. Mimi sina." Hakuwa na hasira, na ndiyo maana nayakumbuka maneno hayo.

Ukuta wa chumba chetu ulipakana na sebule, na ilikuwa kawaida yao kuzungumza mambo mazito wakidhani Rukia amelala mchana, na kwamba mimi nashona. Nilikuwa nashona kweli, ila nilikuwa nimeondoa mguu kwenye pedali. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba dawa peke yake haitatosha, anahitaji kubadilishiwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na uboho lazima utoke kwa mtu mwenye damu ya kufanana naye. Walimpima dada, wakampima shemeji, wakampima Hamisi, wakanipima mimi. Hakuna aliyefaa. Daktari aliwaambia watafute miongoni mwa watu wa kwao, kwa sababu kwenye orodha ya wanaojitolea watu wa asili yetu walikuwa wachache mno. "Kama si mimi, si wewe, si mdogo wake," nilimsikia dada akisema, "basi nani? Tumtoe wapi huyo mtu?" Ndege ikapita na shemeji hakusema imetoka wapi. Nilitazama kitandani, nikamkuta Rukia amefumbua macho, anatazama dari. Akaniuliza kwa Kiingereza kama uboho unauma kutoa. Nilimwambia hauumi sana. Akasema, "Then somebody will."

Wenzetu wakakusanyika, na lazima niseme walikusanyika kwa moyo. Kila mwaka mwezi wa tano Watanzania wa Dallas walikuwa wanakwenda Houston kucheza mpira na wenzao wa huko, asubuhi mechi, mchana nyama choma. Ikaamuliwa kwamba mwaka huo pale uwanjani iwekwe meza ya kuchukua sampuli: watu wawili wa shirika la uboho, fomu, na vijiti vya pamba vya kupangusa ndani ya shavu. Ni dakika mbili tu, haina sindano. Wenyeji wa Houston walisema watapiga simu kwa kila Mtanzania na kila Mkenya wanayemjua mpaka Galveston. Kisha, kwenye kikao hapo sebuleni kwetu, chapati mezani, mtu akasema lile ambalo hutokea kila Waswahili zaidi ya watano wakikaa kupanga jambo: lazima pawe na sare. Harusi ina sare, msiba una sare, hata ubatizo. Fulana sitini, picha ya Rukia mbele, chini yake maneno kwamba tuko pamoja naye. Wachezaji wazivae, watoto wazivae, watu waone sura ya mtoto wanayemtolea. Nilipinga. Nilisema Rukia si bidhaa, nikasema watoto wa watu watavalishwa uso wake wapakie mchuzi. Wakasikiliza kwa adabu. Shemeji Yahaya alinijibu mwenyewe, mtu asiyependa maneno. "Shemeji, ningeweza kuchora uso wake kwenye tumbo la ndege ningechora. Kesho nitakuwa zamu, na dada yako pia. Tusaidie tu kuzi-order."

Nikazi-order. Kulikuwa na duka Fort Worth, karibu na kwa Mama Furaha, lililosifika kwa kuwahi. Nilimpigia mwenye duka, nikamweleza idadi, nikamtumia kwa barua pepe picha ya Rukia ya kabla ya ugonjwa kurudi, mashavu yamejaa, nywele zimesukwa mabutu. Aliniuliza jina la mtoto, akaniuliza tunazihitaji lini, akaniambia pole kwa upole ulionigusa. Sasa najua kwamba sehemu kubwa ya fulana za picha alizochapa mzee yule zilikuwa za mazishi, na mimi sikumwambia za kwetu ni za nini. Sikuona haja. Baada ya siku mbili akanitumia mfano niukague kabla hajachapa. Niliikuta barua yake kesho yake, sebuleni, kwenye kompyuta ya nyumba nzima, mchana, nachelewa darasani. Nilisoma mstari wa juu. Chini yake kulikuwa na picha iliyoambatishwa. Sikuifungua. Ningeweza kusema ni kwa sababu ya haraka, na kwa miaka mingi nilijiambia hivyo. Ukweli ni kwamba nilisimama pale na mkoba begani, nikaitazama ile alama ya kufungulia picha, nikajiambia kwa sauti kabisa, sitaki kuuona upuuzi huo. Nilikuwa nashikilia msimamo wangu. Nikajibu ndiyo, endelea.

Shemeji alipitia boksi dukani akiwa na haraka ya zamu, na bila kulifungua akalituma Houston siku ya Alhamisi na rafiki yake, ili wenyeji wagawe mapema. Sisi tuliondoka Jumamosi alfajiri. Damu ya Rukia ilikuwa nzuri wiki hiyo na daktari alituruhusu kama atakaa nje, mbali kidogo na watu, na barakoa. Alivaa gauni langu la njano. Njia nzima aliimba nyimbo za shuleni na kuhesabu ng'ombe. Tulipoegesha uwanjani niliona kwanza kwamba watu ni wachache, halafu nikaona kwamba wanawake wamejifunga kanga na kufunika vichwa, na hakuna aliyewasha moto wa nyama. Nyavu zilikuwa hazijafungwa golini. Nilimkunjulia Rukia kiti kivulini, nikamnunulia barafu ya kikombe, dada akatangulia kusalimia. Nilimwona bibi mmoja, Bi Tausi, mkubwa wa akina mama wa Houston, akimkumbatia Mwamvita na kuangua kilio. Dada alisimama mikono imening'inia. Kisha akaja kijana amevaa fulana, na nikauona uso wa Rukia, mabutu na mashavu yake, na nyuma yake mawingu, na mwale wa mwanga, na njiwa wawili, na chini yao jina lake tu.

Bi Tausi alikuwa anaomboleza kwa sauti, anamsomea Rukia dua za marehemu, na dada alikuwa anasema, "Yupo, mama, yule pale, yupo," lakini sauti yake haikutoka vizuri. Watu wakageuka. Sitasahau walivyogeuka, wote kwa pamoja, wakamwona mtoto aliyekaa kivulini na kikombe cha barafu. Mama mmoja alirudi nyuma. Bi Tausi alimwona, akaziba mdomo kwa kanga, akazidi kulia, sasa kwa aibu, akaja kumkumbatia, dada akimfuata, na mimi nikasimama katikati kwa sababu hakutakiwa kuguswa. Rukia alinivuta gauni. "Why is she crying at my picture?" Aliwatazama watu wa uwanja mzima, uso wake kwenye vifua vyao. Alikuwa anajua kusoma vizuri na alishatembelea makaburi ya Waislamu siku ya Idd. Akaniuliza kwa sauti ndogo, safari hii kwa Kiswahili, ambacho hakukizungumza mara nyingi: "Wanadhani nimekufa?" Nikamwambia wamekosea tu. Akasema, "Nani aliwaambia?" Nilimwambia dukani walichapa vibaya. Huo ulikuwa mwanzo wa uongo wangu, na nilianza nao kwa mtoto.

Boksi lilikuwa limefunguliwa Ijumaa mchana, na simu zikaanza saa hiyo hiyo. Hata hatukuwa na makundi ya simu kama ya sasa, tulikuwa na orodha moja ya barua pepe na ndimi za watu, na zilitosha. Wengi walizima mipango ya mechi, wakajiandaa kukutana pale uwanjani waje Irving kuzika kwa pamoja. Wengine waliona haya kupiga simu nyumba ya msiba kuuliza habari, wakakaa. Wale wawili wa shirika la uboho walikuwa mezani na vijiti vyao, wanatazama bila kuelewa, na ni mimi niliyekwenda kuwaeleza. Walipata waliopata. Boksi kubwa la vijiti likarudi garini halijaguswa. Wiki mbili zilizofuata tulikaa na simu, dada, shemeji na mimi, tunawapigia watu kuwaambia kwamba Rukia yu hai. Hebu fikiria kazi hiyo. Wengine walifurahi, wakaahidi kwenda kupimwa, wakasahau. Wengine walinyamaza upande wa pili, na nikaanza kuelewa kwamba hawatuamini, wanadhani kuna ujanja. Mtu mmoja alisema, "Dada, mbona fulana tuliziona?" Dada alikata simu, akaenda bafuni, akafungua maji ili tusimsikie, na tukamsikia.

Hakupatikana mtu. Tuliandikiwa mara moja kwamba kuna anayekaribiana, tukasali, ikaja barua ya pili kwamba hakaribiani vya kutosha. Kuanzia hapo nilifanya kila kitu alichotaka. Nilimnunulia fulana ya binti wa mfalme yenye vimeta na nyingine tatu, moja ina mjusi mkubwa anayeimba. Nikaishusha ile ya shujaa kutoka juu ya kabati nikamvalisha mwenyewe. Ilikuwa imeshampwaya. Aliziangalia kwa heshima, alivaa ya vimeta mara mbili, kisha akasema zinamkwaruza mahali mrija wa dawa unapoingia kifuani, akaomba gauni la njano. Alifariki mwezi wa tisa, asubuhi, shemeji amemshika mkono. Siku ya mazishi, kwenye makaburi nje ya mji, joto bado kali, waombolezaji wengi walikuja wamevaa fulana zilezile. Hakuna aliyelazimika kuchapa nyingine. Nilisimama katikati ya nyuso zake nyingi huku yeye akishushwa ndani ya sanda, nguo nyeupe isiyo na neno wala picha wala ua, nguo tupu kabisa, vile nilivyokuwa nataka siku zote. Nilitamani ardhi inimeze mimi.

Nilihama Irving mwaka uliofuata. Hadithi ya duka lililokosea ilishakuwa historia ya familia, na mimi ndiye niliyeilisha mpaka ikanenepa. Nimeolewa, nimezaa wawili, nimewavalisha chochote walichotaka, mijusi, matairi, mabosi, sikusema neno, na kila nilipowafunga vifungo nilihisi chuki ambayo sasa sijui ilikuwa ya nguo au ya nafsi yangu. Bado sizipendi. Nilidhani msiba ule ungeniondolea chuki ile, kwa kuwa ndiyo iliyonifunga macho, lakini haikuondoka. Bado naamini nilikuwa sahihi kuhusu nguo. Sijui nifanye nini na usahihi huo.

Asubuhi ya pili baada ya harusi ya Hamisi, mimi na Mwamvita tulirudi ukumbini kukusanya masufuria. Tulikaa chini kwenye sakafu ya jikoni tukifunga vifuniko kwa kamba. Yeye ana zaidi ya hamsini sasa, magoti yanamsumbua, na shemeji amestaafu. Nikamwambia habari za Kassim na gari lake. Kisha nikasema, bila kujipanga, kwamba dukani hawakukosea. Waliniletea mfano niukague na sikuufungua, kwa sababu ya kiburi tu, na nikakubali. "Ningeona mawingu tu, dada, ningejua. Nilikuwa nayashika kila siku kazini." Mwamvita alimaliza fundo alilokuwa anafunga. Akasema, "Najua hukuufungua. Mimi niliufungua." Nilidhani sijamwelewa. Akaniambia kwamba alirudi kutoka kazini mchana wa siku iliyotangulia ile niliyojibu, barua pepe yangu iko wazi kwenye kompyuta kama kawaida, akaona jina la Rukia, akaifungua picha. Alikaa nayo karibu nusu saa.

"Na mawingu?"

"Niliyaona. Kule nyumba ya wazee ndugu zao wanakuja wamevaa fulana za hivyo kila mara, nilijua ni za nini." Alikuwa anaongea na sufuria. "Lakini mwanangu alikuwa na nywele, Siku. Hana mrija. Amejaa mwanga usoni. Nikasema hivi ndivyo atakavyokuwa akipona. Nikasema kesho nitawaambia wayatoe hayo mawingu, wacha nimtazame leo. Kesho yake nikakuta umeshakubali, nikasema moyoni, afadhali. Nikafurahi."

Aliniomba msamaha. Aliniambia amekuwa akinitazama miaka yote hii nikilaumu duka, akijua naficha nini, na hakunitua mzigo kwa sababu mimi nikiutua atabaki nao yeye. Mimi pia nilimwomba. Tukalia kama watoto, pale chini, mikono ina mafuta ya pilau, na kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba amesamehewa. Haikusaidia kitu. Aliyetakiwa kuombwa msamaha alikuwa na miaka sita, na alituuliza swali moja tu, nani aliwaambia, na sisi wawili tulikuwepo.